Kwenda Uarabuni ili urudi na chombo: hesabu ya kustaafu mapema

Vijana wengi wa Pwani wanaokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba hawaendi kuhamia. Ukiwauliza watakwambia: miaka mitatu, minne ikizidi, kisha narudi, nanunua chombo, na kuajiriwa na mtu basi tena. Ni mpango mzuri, na wapo wanaoutimiza. Lakini wapo pia wanaotia sahihi mkataba wa pili na wa tatu, nywele zikaanza kuota mvi, na chombo hakijaonekana pwani.

Tofauti kati ya hao wawili mara nyingi haiko kwenye ukubwa wa mshahara. Makala haya yanaeleza iko wapi, na jinsi ya kupiga hesabu ukiwa bado nyumbani, kabla ya kupanda ndege.

Wazo hili si geni

Zamani chombo ndicho kilichokwenda Uarabuni. Majahazi yalishuka huku kwa upepo wa kaskazi yakiwa na tende na samaki wa chumvi, yakarudi kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko. Leo mtu anakwenda kwa ndege, na anachokifuata ni pesa za kutengeneza chombo cha kwake.

Wageni nao wana mpango unaofanana na huu. Ukipita Mtwapa au mkono wa bahari wa Kilifi utaona yoti zimetia nanga. Wako mabaharia wa aina hiyo ambao si matajiri wa kurithi. Ni wahandisi, wauguzi, walimu au mafundi wa visima vya mafuta walioacha nchi zao wakaenda kufanya kazi penye malipo makubwa zaidi, wakajinyima kwa miaka, kisha wakaacha kazi wakiwa na miaka 40 au 50 ili waishi baharini.

Hesabu inayotajwa sana na watu hao ilitokana na utafiti wa mshauri wa fedha wa California, William Bengen, uliochapishwa mwaka 1994. Aliuliza hivi: mstaafu mwenye akiba iliyowekezwa anaweza kutoa kiasi gani kila mwaka bila kuimaliza katika miaka 30? Jibu lake lilikuwa takriban asilimia 4. Ukiigeuza hesabu hiyo, inasema: ili uache kazi kabisa, uwe na akiba ya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka mzima.

Shika namba hiyo ya 25, tutairudia. Kwanza tuangalie kazi yenyewe.

Kwa nini Ghuba inalipa

Sababu ya kwanza ni kodi. Qatar, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Kuwait na Bahrain hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara wa mfanyakazi. Oman imepitisha sheria ya kodi hiyo itakayoanza mwaka 2028, lakini itamgusa tu anayepata zaidi ya riyali 42,000 za Oman kwa mwaka. Mlinzi, dereva au mfanyakazi wa nyumbani hafiki hapo.

Sababu ya pili ni kwamba katika kazi nyingi mwajiri hutoa malazi, na mara nyingine chakula na usafiri. Nchini Qatar, tangu Machi 2021, sheria inaweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, wakiwemo wa nyumbani. Mwajiri asipotoa malazi anaongeza riyali 500, na asipotoa chakula anaongeza riyali 300.

Sababu ya tatu ni uthabiti wa pesa yao. Dola moja ni riyali 3.64 za Qatar, riyali 3.75 za Saudia au dirham 3.67 za Falme za Kiarabu, na viwango hivyo vimefungwa hapo kwa miaka mingi. Shilingi yetu ndiyo inayopanda na kushuka. Katika makala haya tutahesabu riyali moja ya Qatar kwa shilingi 35 za Kenya. Utakaposoma, angalia kiwango cha siku hiyo.

Namba inayoamua siku ya kurudi

Tuchukue mfano wa madereva wawili walioko Doha. Ni mfano wa hesabu tu. Kila mmoja analipwa riyali 2,000, yaani shilingi 70,000 kwa mwezi. Wote wawili wanalala kwenye nyumba ya kampuni. Wote wawili wanataka kurudi na shilingi 1,200,000 za chombo, mashine na akiba kidogo ya kuanzia.

Dereva wa kwanza anatuma nyumbani riyali 800, anatumia 400 kwa chakula, simu na mahitaji yake, na anaweka 800. Akiba yake ni shilingi 28,000 kwa mwezi. Atafikia lengo baada ya miezi 43, yaani miaka mitatu na miezi saba.

Dereva wa pili anatuma nyumbani riyali 1,300, anatumia 500, na anaweka 200. Akiba yake ni shilingi 7,000 kwa mwezi. Atafikia lengo baada ya miezi 172. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi na minne.

Kazi ni moja, mshahara ni mmoja, mji ni mmoja. Mmoja anarudi mtoto wake akiwa bado shule ya msingi, mwingine anarudi mtoto ameoa.

Kwa hiyo unapoambiwa kuna kazi inayolipa zaidi, swali si inalipa ngapi. Swali ni kila mwezi itabaki ngapi. Dereva wa pili akipata nyongeza ya riyali 500 na akaiweka yote, muda wake unashuka kutoka miaka kumi na minne hadi miaka minne na mwezi mmoja. Akiigawa kwa simu mpya na michango ya harusi tatu, atabaki alipokuwa.

Hapa ndipo panapouma, kwa sababu anayetumiwa pesa si mtu baki. Ni mama, ni ndugu, ni karo ya mdogo wako. Hakuna anayeweza kukwambia usisaidie. Lakini mazungumzo ya kiasi yafanyike kabla hujaondoka, wazee wakiwepo: nitatuma kiasi hiki kila mwezi, kwa ajili ya mambo haya, na kiasi kile hakiguswi kwa sababu ndicho kitakachonirudisha. Familia iliyosikia hesabu mapema inaelewa. Familia inayojua tu kwamba "yuko Uarabuni" itaomba, na haina kosa, kwa kuwa haijui.

Deni la safari linakula miezi ya kwanza

Wengi huondoka na deni. Wamekopa kwa jamaa, chama, au wameuza mbuzi na kuweka shamba rehani ili kulipia safari. Ukiondoka na deni la shilingi 150,000, na akiba yako ni shilingi 28,000 kwa mwezi, miezi mitano na siku kadhaa ya kwanza ni ya mwenye deni. Na hapo hatujahesabu riba.

Uliza kila malipo ni ya nini, nawe udai risiti. Sheria ya Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Hizo ni za mwajiri. Saudi Arabia ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa Musaned, ambao hupitisha mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani, na ni mwajiri anayelipa ada za kuajiri. Wakala anayekwambia ulipe pesa nyingi taslimu, bila karatasi, "ili viza itoke haraka", anakuanzisha safari ukiwa tayari umerudishwa nyuma.

Kiinua mgongo: pesa ambayo wengi huiacha

Mfanyakazi anayemaliza muda wake katika nchi za Ghuba ana haki ya kiinua mgongo. Kwa mtu mwenye mpango wa kurudi, hii si pesa ndogo.

Qatar: si chini ya mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka, ukishamaliza mwaka mmoja kazini.

Falme za Kiarabu: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata.

Saudi Arabia: nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata. Ukijiuzulu kabla ya miaka miwili hupati kitu, na ukijiuzulu kati ya miaka miwili na mitano unapata theluthi moja tu. Kumaliza mkataba ni tofauti na kujiuzulu, kwa hiyo usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi. Wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao: mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka minne mfululizo kwa mwajiri mmoja.

Oman: kwa sheria ya kazi ya mwaka 2023, mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka.

Angalia neno "mshahara wa msingi". Dereva wetu wa kwanza akikaa Doha miaka minne, na mkataba ukasema riyali 2,000 zote ni mshahara wa msingi, kiinua mgongo chake ni riyali 5,600, karibu shilingi 196,000. Hizo ni sawa na akiba yake ya miezi saba. Lakini mkataba ukisema mshahara wa msingi ni 1,000 na nyingine 1,000 ni marupurupu, kiinua mgongo kinashuka hadi shilingi 98,000. Kila mwezi alikuwa akipokea pesa zile zile, na tofauti hiyo haikuonekana hadi siku ya mwisho.

Basi kabla ya kutia sahihi, tafuta mstari wa mshahara wa msingi. Ukiwa huko, weka picha ya mkataba na stakabadhi za mishahara kwenye simu, na nakala nyingine kwa mtu wa nyumbani unayemwamini.

Pesa ikae wapi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa nyingi za Uarabuni hazipotei kwa wizi. Zinapotea kwa kukaa mahali ambapo kila mwenye shida anaweza kuzifikia.

Kwanza, tenganisha. Pesa za familia zitumwe kwa simu ya familia. Pesa za chombo ziende kwenye akaunti iliyo kwa jina lako mwenyewe. Ukimtumia kaka akuwekee, unampa mtihani ambao yeye hakuuomba: mtoto akiugua usiku, na pesa ziko mkononi, atafanya nini?

Pili, angalia gharama ya kutuma. Nchi za dunia zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama ya kutuma pesa nyumbani iwe chini ya asilimia 3, lakini njia nyingi bado zinatoza zaidi ya hapo. Usiangalie ada pekee. Kampuni inaweza kusema haitozi ada, kisha ikakupa kiwango kibaya cha kubadilisha. Uliza swali moja tu: nikitoa riyali 800 hapa, nyumbani zitafika shilingi ngapi? Anayetaja kiasi kikubwa ndiye mwenye nafuu.

Tatu, zisilale bure. Bei za mbao na mashine zinapanda kila mwaka, na pesa iliyokaa tu inapungua nguvu. Mkenya aliye nje anaweza kununua bondi za serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ya Kenya ulioanza mwaka 2023 na unaotumika kwa simu. Kiwango cha kuanzia ni shilingi 50,000. Tanzania kuna mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS. SACCO iliyosajiliwa nayo ni njia. Ila jihadhari na yeyote anayekuahidi faida kubwa ya haraka isiyokosea.

Chombo nacho kinakula

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Mtu aliyeko mbali hukiona kikiwa majini, tanga limejaa upepo. Fundi hukiona kikiwa juu ya magogo, kikisubiri kukalafatiwa.

Gharama ya kununua ni mwanzo tu. Cha mbao kinataka kupandishwa pwani wakati wa bamvua, kikwanguliwe, kizibwe nyufa kwa pamba, kipakwe sifa juu na deheni chini ili wadudu wa baharini wasiitoboe mbao. Tanga linachanika, amari zinakatika, nanga hubaki chini ya mwamba. Cha faiba hakiliwi na wadudu, lakini kikipasuka kinahitaji fundi wake na vifaa vyake. Na ukiweka mashine, umeongeza petroli, oili, plagi na vipuri.

Kuna pia karatasi. Kenya, usajili na ukaguzi wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, na uvuvi una leseni yake na kamati ya pwani ya BMU. Tanzania Bara vyombo viko chini ya TASAC, na Zanzibar chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Jaketi za kuokolea maisha ziingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Jambo kubwa zaidi ni msimu. Kila mtu wa Pwani anajua, lakini ukiwa Doha ni rahisi kusahau: chombo hakifanyi kazi miezi 12. Kusi ikikaza, hasa kati ya Juni na Agosti, vyombo vidogo vingi hubaki pwani. Watalii nao hupungua wakati wa masika. Kaskazi ikirudi, bahari inatulia na kazi inarudi.

Tuhesabu kwa mfano. Tuseme baada ya mafuta, matengenezo na mgao wa nahodha na mabaharia, fungu la mwenye chombo ni shilingi 30,000 kwa mwezi katika miezi minane mizuri. Hiyo ni shilingi 240,000. Miezi minne ya kusi kali na masika hakuna kitu. Ukigawanya kwa mwaka mzima, chombo kinakupa shilingi 20,000 kwa mwezi, si 30,000. Anayepanga maisha kwa hesabu ya 30,000 atakopa kila kusi.

Je, huko ni kustaafu?

Sasa turudi kwenye ile namba 25.

Tuseme familia ya dereva wetu wa kwanza inaishi kwa shilingi 28,000 kwa mwezi, zile zile anazotuma. Kwa mwaka ni shilingi 336,000. Mara 25 ni shilingi 8,400,000. Yeye anaweka shilingi 336,000 kwa mwaka. Bila kuhesabu faida ya uwekezaji, angehitaji miaka 25 Doha ili aache kazi kabisa. Faida ingepunguza miaka hiyo, na kupanda kwa bei kungeirudisha. Tena Bengen alikuwa anahesabu mstaafu wa miaka 30, kwa masoko ya Marekani. Mtu anayeacha kazi akiwa na miaka 32 ana safari ndefu zaidi, kwa hiyo anahitaji akiba kubwa zaidi.

Ndiyo maana mhandisi wa mafuta anaweza kufanya hivyo kwa miaka 10 na dereva hawezi. Mhandisi anaweka sehemu kubwa ya mshahara mkubwa, na wengi wa aina yake hawana familia kubwa inayowategemea. Yoti yake inakula akiba yake, naye amejiandaa kwa hilo. Chombo chako kinatakiwa kikulishe.

Kwa hiyo kuna safari mbili tofauti, na ni muhimu ujue unakwenda ipi.

Safari ya kwanza ni kurudi na chombo. Kwa hesabu zetu ni miaka mitatu na nusu hivi, kiinua mgongo kikiingia na deni likilipwa. Ukirudi hujastaafu. Umeacha kuajiriwa, umejiajiri, na utafanya kazi, pengine ngumu kuliko udereva. Lakini bahari ni yako na saa ni zako. Wengi ndicho wanachokitaka hasa, ila wanakiita kustaafu.

Safari ya pili ni kustaafu nusu. Chombo kinaleta wastani wa shilingi 20,000, familia inahitaji 28,000, pengo ni 8,000 kwa mwezi, yaani 96,000 kwa mwaka. Mara 25 ya pengo hilo ni shilingi 2,400,000. Ongeza 1,200,000 za chombo: jumla 3,600,000. Kwa akiba ya shilingi 28,000 kwa mwezi ni karibu miaka kumi na miezi tisa, na inaweza kupungua pesa zikizaa. Hii ni safari ndefu, lakini ukirudi, kusi ikikaza unaweza kubaki pwani bila kukopa.

Wanaoumia zaidi ni wale walioondoka kwa hesabu ya safari ya kwanza wakitarajia mapumziko ya safari ya pili. Hurudi baada ya miaka mitatu, hununua chombo kwa pesa zote, hubaki bila akiba, na kusi ya kwanza huwalazimisha kukiuza ili watafute viza nyingine. Mtu akirudi na chombo kidogo na akiba ya miezi sita ya matumizi, mara nyingi hali yake ni bora kuliko aliyerudi na chombo kikubwa na mfuko mtupu.

Usisahau uzee na ugonjwa. Kenya, anayejiajiri anatakiwa kuchangia bima ya afya ya SHA kwa asilimia 2.75 ya kipato chake, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mchango wa NSSF unaweza kuendelea kwa hiari ukiwa nje au ukishajiajiri. Weka vyote viwili kwenye matumizi ya mwezi.

Na usalama wako

Hesabu zote hizi zinasimama juu ya jambo moja: ulipwe, na uweze kuondoka. Mfumo wa kafala umemfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake kwa miaka mingi. Qatar iliondoa kibali cha kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018 na kwa wa nyumbani mwaka 2020, na mwaka huo huo ikaondoa sharti la ruhusa ya mwajiri ili kubadilisha kazi. Saudi Arabia ilirahisisha kubadilisha kazi mwaka 2021, lakini mageuzi hayo hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wengi wa wafanyakazi hao ni wanawake, na wapo dada zetu waliorudi bila mishahara yao. Anayekwenda kwa kazi ya nyumbani apime hatari hiyo kwanza, kabla ya kupima akiba.

Mambo ya kufanya kabla ya kutia sahihi:

Hakikisha wakala amesajiliwa. Kenya, orodha iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Tanzania, ulizia kwa TaESA, na Zanzibar kwa Kamisheni ya Kazi.

Soma mkataba kwa lugha unayoielewa. Tafuta mshahara wa msingi, saa za kazi, siku ya mapumziko, nani analipa tiketi ya kurudi, na jina la mwajiri.

Pasipoti ni yako. Qatar, mwajiri kuizuia ni kosa la kisheria. Weka picha zake kwa mtu wa nyumbani.

Andika namba ya ubalozi. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi Riyadh, Doha, Muscat na Abu Dhabi.

Mtafute fundi wa vyombo sasa, kabla hujaondoka. Muulize bei ya leo ya chombo unachotaka, gharama za matengenezo kwa mwaka, na itamchukua muda gani. Ukianza kumlipa ukiwa nje, lipa kwa hatua, kwa maandishi, mbele ya shahidi wa BMU, na upate picha za kila hatua.

Kisha chukua karatasi moja na uandike namba nne: bei ya chombo pamoja na akiba ya miezi sita, deni unaloondoka nalo, kiasi utakachotuma nyumbani, na kiasi kitakachobaki kila mwezi. Jumlisha mbili za kwanza, gawanya kwa ya mwisho. Jibu ni miezi utakayokaa mbali na nyumbani. Liandike kama tarehe, uwaonyeshe walio nyumbani, na kila ukitaka kutia sahihi mkataba mwingine, litazame kwanza.